Duka langu la leso mtandaoni halionekani, na aliyelijenga ni ndugu yangu

SWALI

Kwako mshauri wetu,

Salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa, na kazi yangu ni kuuza leso, madera na mitandio. Nilianza kwa kununua jozi chache pale Biashara Street na kuwauzia wenzangu wa chama. Baadaye nikawa naweka picha kwenye status ya WhatsApp na kwenye Facebook. Mungu akajalia, nikapata wateja wa Malindi, Lamu na Nairobi, na hata dada zetu walioolewa Maskati, Uingereza na Ujerumani.

Nina ndugu yangu mdogo wa kiume. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi. Alisomea kompyuta, akatafuta kazi asipate, akaniambia, "Dada, wacha nikujengee duka la mtandaoni uachane na kuwajibu watu bei usiku wa manane." Hakutaka hata senti. Nililipia tu jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi. Ilipokamilika ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ukiifungua unakutana na video ya wanawake waliovaa madera, taarab inalia, rangi ya waridi kila upande, na leso zinajipitia zenyewe moja baada ya nyingine. Bei hatukuweka. Tuliandika "njoo inbox", kwa sababu wenzangu sokoni wanapenda kuchungulia bei za watu.

Tuliifungua kabla ya Ramadhani na mwanzoni niliuza vizuri sana. Baada ya Idi mambo yakapoa, na mpaka sasa yamepoa tu. Nikiandika "leso Mombasa" kwenye Google, nashuka kurasa baada ya kurasa sijioni.

Katika hali hiyo akanitumia sauti mteja mmoja. Ni mwalimu, na haoni. Alizungumza kwa upole: "Dada, simu yangu hunisomea kila kilicho kwenye skrini. Nikiingia dukani kwako huniambia 'picha', 'picha', 'kitufe', 'kitufe', basi. Na ule muziki unaifunika sauti ya simu. Nataka leso ya kumpelekea mama mkwe wangu, lakini sijui hata moja imeandikwa nini. Nitampelekeaje mama mkwe leso nisiyoijua jina? Nikajaribu kujisajili, nikaambiwa nichague picha zenye taa za barabarani." Nikamwambia anipigie nimsomee zote. Akacheka, akasema, "Nashukuru, lakini wenzangu huchagua wenyewe, na mimi nataka kuchagua mwenyewe."

Nilimfikishia ndugu yangu maneno haya. Alikasirika. Akaniuliza ni wasioona wangapi wananunua leso mtandaoni. Siku ya pili akasema kuna kitufe chenye picha ya mtu ambacho ukikibandika kwenye tovuti kinamaliza matatizo yote ya wenye ulemavu, atakinunua kwa malipo ya kila mwezi. Sikumjibu. Tangu hapo haji kwangu kula chakula cha mchana cha Ijumaa kama ilivyo kawaida yake.

Sasa amejitokeza mtaalamu, rafiki wa mwenzangu wa chama. Anataka shilingi 60,000, nusu kabla ya kazi. Ameniahidi nitakuwa wa kwanza kwenye Google ndani ya mwezi mmoja. Atanitia maneno mia mbili yasiyoonekana "nyuma ya tovuti", na anataka nywila zote. Tena amenitia hofu: anasema kwa kuwa natuma mizigo Ujerumani, Ulaya kuna sheria mpya na naweza kushtakiwa ikiwa wenye ulemavu hawawezi kutumia duka langu.

Baba watoto naye anasema tovuti ni mapambo, niifunge, nirudi WhatsApp nilikotoka. Zamu yangu ya chama imefika na pesa zipo, lakini nilikuwa nimezipangia kununua mali.

Nimlipe mtaalamu? Nimwambie ndugu yangu aiachie kazi hii? Nifunge? Na mwalimu nimjibu nini?

Muuza Leso, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ndani yake mambo matatu yaliyosokotana: duka lisiloonekana, mteja aliyeingia akashindwa kununua, na ndugu yako aliyekasirika. Swali lako la kwanza ni la pesa. Lakini sehemu ya barua iliyonigusa ni ile ya chakula cha Ijumaa, na nitairudia. Kwanza tulipitie duka lenyewe, maana huenda ukilielewa vizuri yatakuwa mepesi hata mazungumzo na ndugu yako.

Umesema biashara ilipoa baada ya Idi. Je, kuna mwaka wowote ambao biashara ya madera haikupoa baada ya Idi? Uliifungua tovuti wakati ambao Pwani nzima inanunua nguo, harusi zinaharakishwa kabla ya mwezi kuandama na kila mama anatafuta vazi la sikukuu. Mauzo yale hayakuletwa na tovuti peke yake, na kupoa kwake si lazima kuwe kumesababishwa na tovuti. Ukitaka kujua ukweli, chukua daftari lako la mwaka jana ulinganishe. Ila usilinganishe Mei na Mei. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo linganisha Mfungo Mosi na Mfungo Mosi, Mfungo Pili na Mfungo Pili. Ukikuta pengo ni dogo, hofu itapungua na utaamua kwa utulivu. Ukikuta ni kubwa kweli, hapo tuna jambo la kuchunguza.

Jambo la pili ni hili la kutojiona kwenye Google. Unadhani umo lakini uko nyuma ya wengine. Mimi ningeuliza kwanza kama umo kabisa. Kuna njia rahisi: kwenye Google andika neno site, nukta mbili (site:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, umo. Isipotokea hata moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba Google haijakuingiza. Wajenzi wengi wa tovuti, wakiwa bado kazini, huweka alama ya kuzuia injini za utafutaji zisiingie mapema. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya kusoma, na ni rahisi mno kusahau kukiondolea tiki kazi ikiisha. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwako. Nasema kuangalia ni kazi ya dakika moja, na litakuwa jambo la kusikitisha ulipe 60,000 halafu mtu akuondolee tiki. Mwambie pia ndugu yako aiunganishe tovuti na Google Search Console. Ni bure, na itakuonyesha kurasa zipi zimeingizwa na watu waliandika maneno gani hadi wakakufikia.

Tuseme umo. Sasa Google ikuonyeshe kwa lipi? Hapa ndipo sauti ya mwalimu inaponifikirisha sana. Leso ina pindo, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina. Mteja wa leso haulizi tu rangi. Huuliza, "Imeandikwaje?" Huyu anatafuta "Wema hauozi" ya kumshukuru jirani, yule anataka "Hasidi hana sababu" na anajua vizuri atamvalia nani. Kwenye tovuti yako maneno hayo yote yamo ndani ya picha, hakuna palipoandikwa kwa herufi. Simu ya mwalimu haikuwa na cha kumsomea. Na mtu aliyeko Maskati anayeandika jina la leso kwenye Google hawezi kuletwa kwako, kwa sababu ukurasa wako hauna neno hilo. Google yenyewe huwashauri wenye tovuti waandike maelezo ya kila picha, na hutumia maelezo hayo pamoja na maandishi yaliyo karibu na picha ili ijue picha inahusu nini. Mwalimu na Google wamekwama mahali pamoja. Ungejibu ombi la mwalimu kikamilifu, ungekuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi unayotaka kumlipia mtaalamu.

Jaribu kwa leso moja. Badala ya picha iitwayo IMG yenye nambari, na ukurasa wenye kichwa "Karibu" kama kurasa nyingine zote, andika: "Leso ya pamba, jina Wema hauozi, nyekundu na nyeupe, mji wa korosho, jozi moja." Chini yake eleza urefu na upana, kama imeshonwa pindo au bado, kama inachuja rangi ikifuliwa mara ya kwanza. Wewe unayajua haya yote, unayasema kila siku kwa mdomo. Kwa dera andika kitambaa ni kipi, upana wa kifua na urefu kwa inchi, maana "free size" haimsaidii mama mrefu wala mfupi. Na kwa kuwa leso ya Mombasa ni kanga kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, na jozi yako ni doti kwake, yaweke maneno yote mawili mahali fulani kwenye maelezo. Kazi hii haihitaji mtaalamu wa kompyuta. Inamhitaji muuza leso anayejua mali yake, na uvumilivu wa jioni nyingi.

Hayo maneno mia mbili yasiyoonekana nayaogopa. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haitumii orodha ya maneno muhimu iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa kupanga nani awe juu. Ikiwa anakusudia kuandika maneno kwa rangi ile ile ya ukurasa ili watu wasiyaone, hilo ni baya zaidi, kwa sababu Google inalihesabu kuwa udanganyifu na inaweza kukushusha au kukuondoa kabisa.

Nirudi kwa mwalimu, maana alikupa zaidi ya lalamiko. Katika sauti moja alitaja mambo manne: picha na vitufe visivyo na maelezo, muziki unaofunika sauti ya simu, jina la leso lisilosomeka, na lile fumbo la taa za barabarani. Ungeweza kulipa mtu akague tovuti asikupe orodha iliyo wazi kiasi hicho. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, ambayo wajenzi wa tovuti huitumia kwa mambo haya, inasema sauti inayojichezesha yenyewe kwa zaidi ya sekunde tatu lazima iwe na njia ya kuizima. Hilo la taarab lingeondoka kwa kufuta mstari mmoja, na sidhani kama kuna mteja angekuja kulidai.

Unaweza kuyasikia mwenyewe anayoyasikia. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu ya kusoma skrini kwa sauti, kwenye mipangilio ya ufikivu (accessibility), na iPhone ina VoiceOver. Ila jifunze kwanza namna ya kuizima, kwa sababu ikiwaka, kugusa mara moja hakufungui kitu tena na wengi hutishika. Iwashe, ingia dukani kwako, funga macho, ujaribu kununua dera moja. Ningependa zaidi kama mngejaribu pamoja, wewe na ndugu yako, bila kumwambia kwanza kwamba kuna kosa.

Yeye amekuuliza ni wasioona wangapi wananunua leso mtandaoni. Swali lake si la kudharauliwa, mfanyabiashara lazima ahesabu. Lakini nadhani amehesabu watu wachache mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa wa aina moja au nyingine, yaani mtu mmoja kati ya sita. Tuwaache hao wa dunia, tuje kwa wateja wako. Wanunuzi wa madera wengi si wasichana wa miaka ishirini. Ni akina mama wa makamo ambao wakishika simu huitafuta miwani. Maandishi meupe juu ya waridi hafifu yanawatesa. Miongozo niliyoitaja inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na zipo zana za bure mtandaoni za kupima hilo. Yule mwenye kutetemeka mkono anashindwa na leso zinazojipitia kabla hajazigusa. Na mwenye bando la shilingi ishirini je? Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kufika megabaiti nne. Ishirini kwenye ukurasa mmoja ni themanini, na video bado. Atakusubiri? Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti mia mbili hivi kila moja, leso bado itaonekana vizuri kwenye simu, na kwa Google pia kasi ya kufunguka kwa ukurasa ni mojawapo ya vitu inavyotazama.

Kuhusu kitufe chenye picha ya mtu, naelewa kwa nini kimemvutia. Anataka tatizo liishe haraka, tena bila kubomoa kazi yake. Lakini kitufe hakiwezi kujua leso yako imeandikwa nini kama hujakiambia. Januari 2025, tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitangaza kwamba kampuni iitwayo accessiBe, inayouza zana ya namna hiyo, italipa dola milioni moja kwa madai kwamba zana yake huifanya tovuti yoyote ifuate miongozo. Na watumiaji wengi wasioona hulalamika kwamba vitufe hivyo huingiliana na programu wanazotumia tayari. Kabla hajalipa, mwombe amuulize mwalimu kama amewahi kukutana navyo.

Sasa mtaalamu. Mtu anayekuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ni kama dalali anayekuuzia kiwanja kisicho chake. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Wanaeleza pia kwamba mabadiliko kwenye tovuti mengine huonekana baada ya saa chache na mengine baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo huo mwezi mmoja sijui ameutoa wapi. Simwiti tapeli, simjui. Wapo mafundi waaminifu wa kazi hii na wanastahili ujira wao. Ukitaka kumpima, mwambie akuandikie atabadilisha nini hasa, ukurasa kwa ukurasa, na akuonyeshe tovuti aliyowahi kuishughulikia ambayo mwenye nayo unaweza kumpigia simu. Muulize kama atanunua linki kutoka tovuti nyingine, maana hilo nalo Google hulikataza. Na nywila usitoe zote. Fundi hufunguliwa akaunti yake mwenyewe, na akimaliza kazi inafungwa.

Hilo la kushtakiwa Ulaya lina mzizi wa kweli lakini limevimbishwa. Sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na maduka ya mtandaoni yamo. Lakini biashara ndogo sana za huduma, na duka la mtandaoni huhesabiwa humo, zenye wafanyakazi chini ya kumi na mzunguko usiozidi euro milioni mbili kwa mwaka, zimesamehewa. Kwa maelezo yako, u mbali na mpaka huo. Uingereza haimo katika Umoja huo. Hapa kwetu, Kenya ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na tangu 2022 kuna kiwango cha taifa cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Ni vizuri ndugu yako avijue, kama fundi anayetafuta kazi. Huenda hata vikamfungulia mlango, kwa sababu mashirika na ofisi zitahitaji watu wanaojua kazi hii.

Mumeo usimpuuze. WhatsApp ina mengi ya kuitetea. Wateja wako tayari wanaijua, na wasioona huitumia vizuri kwa sauti. Mwalimu mwenyewe alikufikia kwa njia hiyo. Katalogi ya WhatsApp Business inachukua hadi bidhaa 500, na bidhaa hizo unaweza kuziandikia majina na bei. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, kurudi huko si kushindwa. Lakini ana jambo hajalipima: status hupotea baada ya saa 24, na mtu wa Maskati asiye na namba yako hatakuona hata akitafuta usiku kucha. Nambari ikifungiwa au simu ikiibwa, wateja wanaweza kupotea nayo. Na utarudi kule kule alikotaka kukutoa ndugu yako, kujibu bei usiku wa manane. Labda si lazima uchague moja. Wapo wanaoacha tovuti ibebe maelezo na bei, mazungumzo na malipo yakabaki WhatsApp na till ya M-Pesa. Njia hiyo inapunguza hata usumbufu wa kujisajili. Ila inakudai uwe macho muda wote, na mauzo yatategemea una nguvu kiasi gani za kujibu.

Bei nazo? Najua sababu ya "njoo inbox", na ni kweli sokoni watu huchunguliana. Hebu jiulize tu wanaochungulia ni wangapi ukilinganisha na wanunuzi wanaoondoka kimya. Mshindani akitaka bei yako, atajifanya mteja aulize. Mteja mwenye haya hatauliza. Ukiweka bei utapoteza nafasi ya kupatana, hiyo ni hasara ya kweli kwa baadhi ya bidhaa. Ungeweza kuanza na leso peke yake, ambazo bei zake zinajulikana, madera ukayaacha kwanza, uone mwezi mmoja unasemaje. Pia waulize wateja wawili watatu walioangalia wakaacha: ni bei, ni gharama ya kutumiwa mzigo, au ni woga wa kulipa kabla ya kuona? Hakuna maelezo ya picha wala Google itakayotibu woga wa kutapeliwa. Picha yako halisi ya bidhaa, namba inayopokelewa, na sharti la kurudisha mali lililoandikwa wazi vinaweza kusaidia.

Nimefika kwa ndugu yako. Unauliza kama umwambie aiachie kazi. Nimejiuliza alisikia nini ulipomfikishia maneno ya mwalimu. Wewe ulisema kuna mteja ameshindwa kununua. Kijana aliyekosa kazi, akampa dada aliyemlea kitu pekee alichokuwa nacho, huenda alisikia kwamba hata hicho hakikufaa. Sisemi hasira yake ni haki, maneno yake juu ya wasioona yaliniuma hata mimi. Lakini huenda hasira ile haikumhusu mwalimu.

Una njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Ukimpa mgeni kazi, tovuti inaweza kutengenezwa haraka, na Ijumaa zikazidi kuwa kimya. Ukimwachia ndugu yako ilivyo ili asiumie, utakuwa unamhurumia kwa pesa zako, na siku moja utamchukia kimoyomoyo. Ukimwita mkae na orodha ya mwalimu, mkagawana, wewe maneno ya leso na yeye vitufe, picha na lile fumbo la kujisajili, inaweza kuwa nzuri, lakini huenda akakataa, au akakubali kisha asimalize. Na je, umewahi kufikiria kumlipa? Kazi ya bure ina ugumu wake: aliyeifanya hawezi kudai, na aliyepewa haoni haki ya kukosoa. Sehemu ya zile 60,000, hata robo yake, kwa kazi iliyoandikwa na yenye tarehe, ingeweza kubadilisha mnavyozungumza. Ingeweza pia kuleta ugomvi wa pesa mahali ambapo hapakuwa nao. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ningetamani pia asikie ile sauti mwenyewe, kama mwalimu ataridhia. Wewe ulimfikishia maneno, hukumfikishia upole wake.

Pesa za chama zitoke wapi na ziende wapi, huo ni uamuzi wako na mumeo. Nitakumbusha tu kwamba karibu kila nililolitaja hapa linakula muda kuliko shilingi, na leso ambazo hujanunua hakuna atakayezitafuta.

Kwa mwalimu huna haja ya kusubiri lolote kati ya haya. Mshukuru, mwambie unatengeneza, na umtumie leo kwa maandishi majina ya leso zote ulizonazo na bei zake, simu yake imsomee achague bila wewe kuwa upande wa pili wa mstari. Muulize pia kama atakubali kujaribu tovuti mkishaitengeneza. Akikubali, muda wake una thamani, na jozi ya leso aipendayo ni malipo ya haki.

Na kabla hujampa yeyote nywila, angalia risiti uliyolipia jina la tovuti. Limesajiliwa kwa jina lako, la ndugu yako, au la kampuni iliyokuuzia? Ukishajua niandikie, hasa kama si lako.